Motokari iliyostaafu iko ya nani?

Leo siandiki juu ya viazi wala juu ya mmomonyoko, ingawa udongo nitaufikia mbele kidogo, maana njo kazi niliyosomea. Naandika juu ya magari ya mbio, yale makuukuu yaliyokwisha kuacha mashindano na ambayo sasa yako mikononi mwa watu binafsi.

Munayajua. Video zake zinapita kwenye simu zetu: Datsun ya zamani inaruka kilima cha vumbi, Porsche inavuka tope, mzee mwenye mvi ameshika usukani kama kijana. Tukizitazama pamoja, mabishano yanakuwa ya pande mbili. Upande wa kwanza unasema: "Feza iko yake, mumuache acheze." Upande wa pili unasema kwamba hiyo ni historia ya Afrika Mashariki, haifai kukaa kwa mtu mmoja, ichukuliwe iwekwe kwenye makumbusho.

Mimi nasema pande zote mbili zinauliza swali la karatasi: jina la nani limeandikwa kwenye hati ya gari? Swali kubwa liko pengine. Nani anajua kulifanya litembee, na ujuzi huo umebaki wapi? Kwa kipimo hicho, matajiri wengine wenye magari hayo wanastahili sifa kuliko tunavyowapa, na wengine wanastahili lawama kuliko wanavyopata. Makumbusho nayo hayaponi.

Tuanze na gari lenyewe. Kule Marekani wana mbio ambazo jina lake maana yake ni mbio za magari ya dukani. Chama chao kikubwa, NASCAR, kilianzishwa mwaka 1948, na mwaka 1949 kikafanya kule Charlotte mbio za kwanza za magari ya kawaida kabisa, yale ambayo baba wa familia angeweza kununua na kuendesha mpaka kazini. Leo jina limebaki lakini gari la dukani limetoweka: yale ya mashindano yanaundwa kwa ajili ya mbio tu, bodi tu njo inafanana na ya dukani. Yakichoka huuzwa. Mara nyingi huuzwa bila injini, maana timu inabaki na injini yake. Mnunuzi anapata chuma, magurudumu na rangi yenye majina ya wafadhili. Wengine wanaliingiza kwenye mbio ndogo za mkoa, wengine wanaliweka sebuleni kama kabati.

Huku kwetu Afrika Mashariki tulikuwa na kitu cha ukoo mmoja, tena kigumu zaidi. Mwaka 1953, mwishoni mwa mwezi wa 5, walianzisha mbio za kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, wakaziita Coronation Safari. Zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa ya dukani, na yaligawanywa kwa madaraja kufuatana na bei yake ya dukani. Mwaka 1960 mbio zikaitwa East African Safari, na baadaye Safari Rally tunayoijua. Katikati ya miaka ya 1970 zikabaki ndani ya Kenya peke yake. Kwa hiyo zilizaliwa kwa wazo lile lile la Charlotte: tuone gari la mtu wa kawaida linaweza nini. Tofauti ni kwamba Wamarekani walizunguka uwanjani, na huku walizunguka nchi tatu, kwa mvua ya Pasaka, kwa tope linalomeza gurudumu.

Sisi wa njia ya Masisi hatuhitaji kuelezwa tope hilo. Anayepanda kutoka Sake mwezi wa 4 anajua kwamba kuna siku barabara inageuka shamba la muhogo lililokwisha kulimwa. Lakini hesabu zinasaidia. Mwaka 1963 magari 84 yalianza Safari, yakafika 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakafika 7 tena. Katika miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404, ndugu wa zile 404 ambazo wazazi wetu walipanda nyuma pamoja na mbuzi na magunia.

Sasa nifike kwenye mfano ambao wale wa upande wa makumbusho wangepaswa kuukariri. Mwaka 1964 kampuni ya Volvo ilileta kwenye Safari timu ya kiwanda yenye magari ya PV544. Mambo hayakuenda. Kiwanda hakikuona sababu ya kurudisha magari yale Uswidi, yakauzwa huku huku. Moja likachukuliwa na Joginder Singh, Mkenya aliyezaliwa Kericho mwaka 1932 na kukulia kwenye kazi ya garaji. Gari lilikuwa limestaafu. Kiwanda kilikuwa kimelikatia tamaa. Mwaka 1965 Joginder na mdogo wake Jaswant waliingia nalo kwenye Safari kama gari lao wenyewe, wakashinda.

Soma tena hapo. Gari kuukuu, lililouzwa na wenyewe baada ya kushindwa, likawa mshindi mikononi mwa fundi wa hapa. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, safari hizo kwa Mitsubishi Lancer. Lakini ule ushindi wa 1965 njo unaonifundisha maana ya kumiliki. Kiwanda kilikuwa na gari, michoro yake na feza. Joginder alikuwa na gari pamoja na ujuzi wa barabara. Kama siku ile sheria ingesema kwamba gari la mbio likistaafu ni mali ya makumbusho, ushindi ule usingekuwepo.

Kwa hiyo siwezi kuungana na wanaosema umilikaji wa mtu binafsi unaua historia. Mara nyingi mtu binafsi njo peke yake aliyekuwa na sababu ya kuamka usiku kwenda kutazama kama gasketi inavuja.

Lakini tusimame hapo kidogo, maana hadithi ina upande mwingine.

Chukueni Datsun 240Z iliyoshinda Safari ya 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller. Leo iko Zama, Japani, kwenye ghala la kumbukumbu la Nissan. Wamefanya jambo moja zuri sana: hawakuinyoosha. Mabonde ya bodi yamebaki. Ukiitazama kwenye picha unaona kilomita zenyewe. Namsifu aliyetoa amri kwamba fundi wa bodi asiiguse. Hata hivyo, mtoto wa Nakuru au wa Kampala anayetaka kugusa mabonde ambayo barabara za kwao ziliyapiga, atahitaji visa.

Nyingine zimekwenda mbali kwa njia ya mnada. Baada ya mwaka 1986, magari makali kuliko yote, yale ya Kundi B, yalifungiwa kwa sababu ya vifo. Yalistaafu kwa lazima, mengine yangali na nguvu zake zote. Wenye feza wakaanza kuyakusanya. Mwaka 2021 Audi Sport Quattro S1 moja iliuzwa kwenye mnada huko Ufaransa kwa zaidi ya yuro milioni 2. Kwa bei hiyo gari haliwezi tena kuguswa na tope. Mwenyewe angekuwa mwendawazimu kulipeleka kwenye jiwe. Bei imelitoa barabarani kuliko ajali yoyote.

Hapa njo naomba ruhusa ya kuleta udongo.

Katika elimu ya mimea tunajua njia mbili za kuhifadhi mbegu. Ya kwanza ni kuikausha na kuiweka kwenye baridi, ndani ya benki ya mbegu. Ya pili ni kuiacha shambani, kwa mkulima, ipandwe na kuvunwa kila msimu. Kule Palmira, Kolombia, kituo cha CIAT kinatunza aina za maharage zaidi ya 37,000. Ni kazi ya kuheshimiwa. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari Rwanda, vituo vya utafiti vya kimataifa vilianzisha mpango wa kurudisha mbegu kwa wakulima, na mbegu zilizokuwa zimetunzwa nje ya nchi zilikuwa akiba ya kutegemewa. Asiniambie mtu kwamba benki ni bure.

Ila benki ina mipaka miwili ambayo kila mwanafunzi wa agronomia anaifundishwa. Mpaka wa kwanza: mbegu haikai milele. Hata kwenye baridi inazeeka, inabidi kila baada ya muda itolewe, ioteshwe, ivunwe upya. Mpaka wa pili ni mkubwa zaidi: mbegu iliyolala haijifunzi. Magonjwa ya shambani yanabadilika, mvua inabadilika, lakini ile ya kwenye friji imebaki na akili ya mwaka ilipofungwa. Ya mkulima inaendelea kupigana na inaendelea kubadilika.

Na kuna jambo la tatu ambalo huwa tunalisahau. Maharage hayakuzaliwa kwetu. Yalitoka bara la Amerika. Lakini mama zetu wa Maziwa Makuu waliyapanda, wakayachagua, wakayachanganya kwenye kapu moja la rangi kumi, mpaka yakawa ya kwetu kwa haki. Hakuna anayeweza kuja leo Masisi na kusema maharage ya kupanda kwenye mti si ya hapa.

Vivyo hivyo na gari. Datsun ni ya Japani, Volvo ya Uswidi, Peugeot ya Ufaransa. Kiwanda kilitoa mbegu. Barabara ya huku njo iliyochagua: springi ipi inavunjika, chujio lipi linameza vumbi, bamba la chini liwe nene kiasi gani, taa ziwekwe juu kiasi gani ili kipofu wa ukungu aone. Gari la Safari lilitofautiana na gari la Monte Carlo la kiwanda kile kile, juu udongo ulilitengeneza upya. Kwa hiyo anayesema "haya magari si yetu, ni ya wazungu na Wajapani" anafanya kosa la kuhesabu asili na kusahau malezi.

Sasa tupime namna za kumiliki, moja moja, kwa kipimo hicho cha mbegu.

Namna ya kwanza ni ya kabati: gari limefungwa, limefunikwa kitambaa, mwenyewe anasubiri bei ipande. Hiyo ni mbegu kwenye friji bila hata daftari la kuandika ilitoka wapi. Sina neno zuri la kuisema. Mafuta yanaganda, mipira inakauka, na fundi wa mwisho aliyelijua anakufa bila mtu kumwuliza.

Namna ya pili ni ya maonyesho. Nairobi wana sherehe ya magari ya Concours d'Elegance, inayofanyika tangu 1970 chini ya chama cha wenye Alfa Romeo. Waamuzi wanazunguka na karatasi, wanatazama usafi, rangi, hali ya injini na ya chini ya gari. Ni sherehe nzuri, familia zinakuja, na inawafanya wenye magari makuukuu wayatunze. Lakini ukilipima gari la mbio kwa usafi, unalipima kama ng'ombe wa maziwa unayempa alama kwa urefu wa pembe. Gari la mbio lililong'arishwa mpaka mabonde yakatoweka limepoteza maandishi yake. Mwenye kutaka alama nyingi anafuta historia kwa mikono yake, tena kwa furaha, tena kwa gharama kubwa. Wale wa Zama walielewa jambo hili vizuri kuliko wengi wa Nairobi.

Namna ya tatu inapendwa sana na vijana: kuliendesha. Tangu mwaka 2003, miaka 50 baada ya mbio za kwanza, kuna East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani kwenye barabara za Kenya na nchi jirani. Wengi wa washindani ni watu binafsi wenye magari yao au waliokodi. Hapa mbegu inarudi shambani. Vumbi ni vumbi la kweli, jiwe ni jiwe la kweli, na fundi anafanya kazi usiku chini ya taa kama zamani. Naikubali. Naona ni bora kuliko kabati na bora kuliko maonyesho.

Lakini mhakiki akikubali kila kitu basi amegeuka mpiga debe. Kuna mambo mawili yanayonisumbua.

La kwanza ni Porsche. Katika enzi ya Safari yenyewe, Porsche haikuwahi kushinda. Ilijaribu, ikafika ya pili, ikarudi nyumbani. Kwenye mbio za kumbukumbu, Porsche 911 njo imekuwa mfalme: Björn Waldegård alishinda nayo mwaka 2011 akiwa na mwanawe Mathias, Stig Blomqvist akashinda nayo 2015. Magari hayo yaliandaliwa Uingereza, kwenye garaji lenye ufundi wa hali ya juu, kwa uangalifu ambao gari la mwaka 1971 halikuupata hata kwa ndoto. Siwalaumu madereva, wale wawili ni mabingwa wa dunia. Ninalouliza ni hili: kumbukumbu gani inayobadilisha mshindi? Ni kama mbegu mpya iliyopakwa rangi ya mbegu ya bibi. Inazaa vizuri, ndiyo, lakini usiniambie ni ya bibi.

Mtu atanijibu kwamba magari hayo yana hati za shirikisho la dunia la FIA. Yanazo. Ila hati hiyo inathibitisha kwamba gari limejengwa kufuata vipimo vya wakati wake. Haithibitishi kwamba gari lenyewe lilikuwepo. Nakala iliyotengenezwa jana, ikifuata vipimo, inaweza kupata hati. Kwa hiyo kijana anayeona video na kudhani kila gari pale ni mkongwe wa vita anadanganyika nusu. Wachache ni wakongwe, na wengi ni wajukuu waliovaa koti la babu.

La pili linaniuma zaidi. Majina ya madereva tunayo yote. Herrmann, Nowicki, Waldegård, Shekhar Mehta aliyezaliwa Uganda na akashinda Safari mara tano, 1973 na kisha mfululizo 1979 mpaka 1982. Hata majina ya waliokaa kando wakisoma ramani tunayo. Lakini walioinua magari kwa jeki ndani ya mto? Waliobadilisha giaboksi kando ya njia, saa saba za usiku, mvua ikinyesha? Walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa vijana Waafrika wa garaji za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Kwenye vitabu vya mbio wanatokea kama "mafundi", kundi moja lisilo na uso. Wanunuzi wa magari haya hukusanya taa za wakati ule, viti vya wakati ule, hata vibandiko vya wakati ule, kwa bei ya kutisha. Ni wangapi waliokwenda kukaa na fundi wa wakati ule na kumwandika anayoyajua?

Hapo njo umiliki unapopimwa. Niwape mfano wa nyumbani, mdogo lakini wa kweli.

Kwetu huku kuna mzee mwenye Land Rover ya enzi ya mashamba makubwa. Haikuwahi kushindana popote, isipokuwa kila siku inashindana na mlima. Imepita vita kadhaa. Nyakati za kukimbia, mzee aliondoa betri na usukani, akaficha magurudumu, akaacha bodi imesimama kama mzoga ili mtu asiitamani. Amani ikirudi kidogo, anamwita fundi, wanaiunganisha upya. Siku moja nilimwuliza kwa utani: "Mzee, hii motokari iko ya nani sasa, yako ao ya fundi?" Akacheka: "Ku karatasi iko yangu. Ku mikono iko yake. Akikufa yeye mbele, mimi nitabaki na nyumba ya kuku."

Sijasikia mkusanyaji yeyote akilisema jambo hili wazi namna hiyo. Mzee anajua kwamba mali yake ina wamiliki wawili, na kwamba yule wa pili hayuko kwenye hati. Njo maana anampa fundi vijana wawili wa kumsaidia kila mara gari likifunguliwa, na vijana hao hawalipwi kwa feza tu, wanalipwa kwa kuona. Ile ni shule. Haina ubao wala diploma, lakini ina mtaala kamili.

Najua pingamizi linalokuja, na ni la haki. Kuna atakayesema: "Ndugu agronome, watu wa Masisi wamelala kambini, barabara ya soko imefungwa, na wewe unatuletea magari ya matajiri?" Ndiyo, naleta. Juu mahali penye vita njo panapofundisha haraka kuliko pengine kwamba vitu vinaondoka na ujuzi unaweza kubaki, ao vitu vinabaki na ujuzi unaondoka. Tumeona yote mawili. Tumeona ng'ombe wakiisha kwenye malisho, lakini mzee wa jibini akabaki na mkono wake, na siku ng'ombe watatu waliporudi jibini ikarudi. Tumeona pia mashine za mashamba ya chai na kahawa zimesimama nzima, zenye vibati vya Ubelgiji juu yake, na hakuna hata mtu mmoja wa kuziwasha. Msiba wa namna ya pili ni mkubwa kuliko wa namna ya kwanza.

Pingamizi lingine ni la wapenda sheria: kwa nini serikali zisikataze magari haya kutoka nje ya nchi, kama vile vinyago na mifupa ya kale? Naona sababu yake, lakini sioni matunda. Gari lililozuiliwa kutoka na kuachwa kwenye uwa wa ofisi, mvua juu, majani chini, litakuwa kutu kwa miaka kumi. Kukataza bila kutunza ni kuua polepole kwa muhuri. Ningeanza na jambo jepesi zaidi: kila gari la mbio lenye historia ya huku, liwe Nairobi, liwe Uingereza, liwe na daftari lake wazi. Lilishindana wapi, lilivunjika nini, nani alilitengeneza, kwa njia gani. Benki ya mbegu yenye heshima haipokei punje moja bila kuandika mlima ilikotoka na mkulima aliyeitoa. Mwenye gari la yuro milioni 2 anaweza kugharamia daftari.

Na muda haupo mwingi. Mitsubishi iliacha kutengeneza Lancer Evolution mwaka 2016. Magari hayo, pamoja na Subaru Impreza, njo yaliyobeba mbio za Uganda, Rwanda na Kenya kwa miaka mingi, yakihama kutoka kwa dereva mmoja hadi mwingine, kila mmoja akiongeza kiraka chake. Leo bado tunayaita magari ya mbio. Kesho yatakuwa ya kukusanywa. Wanaoyajua kwa mikono bado ni vijana, wengine umri wetu, wako Kampala, wako Kigali, mwendo wa siku moja kutoka Goma wakati mpaka uko wazi. Kwa mara ya kwanza tunaweza kuwaandika mafundi kabla hawajawa kumbukumbu. Waliosoma historia, mekanika au sosholojia kati yenu, hiyo ni kazi ya mwisho wa masomo inayongojea mwenyewe. Haihitaji maabara, inahitaji kalamu, simu ya kurekodi na uvumilivu wa kukaa kwenye garaji mpaka fundi azoee sura yako.

Basi hukumu yangu ni hii. Mtu binafsi aendelee kumiliki, hata akiwa tajiri, hata akiwa wa mbali. Joginder alikuwa mtu binafsi. Lakini nisimwite mhifadhi mpaka amejibu maswali matatu. Je, gari linatembea? Je, makovu yake yamebaki? Je, kuna kijana anayejifunza kwa anayelitengeneza, na majina yao wote wawili yameandikwa? Akijibu ndiyo mara tatu, nampa mkono. Akijibu ndiyo mara moja tu, ana mali, lakini historia bado hana.

Pale Goma, kwenye mzunguko wa barabara, wameweka sanamu kubwa ya dhahabu ya mtu anayesukuma chukudu. Wageni wanaipiga picha. Ninachokipenda pale kiko chini ya sanamu: chukudu za mbao zinapita kulia na kushoto, zimebeba makaa, viazi na mbao, na aliyezichonga yuko hai, unaweza kumwagiza nyingine wiki ijayo. Sanamu imewekwa na kazi haikusimama. Wenye Datsun na Porsche wangeweza kuja kuangalia hapo, ni karibu tu na uwanja wa ndege.